Mfupa wa Sikio na Nasaba za Pwani



Tarikhi ya Kilwa yasimulia jinsi watu wa Shirazi, mji wa Uajemi, walivyovuka bahari wakaja kushika ufalme wa pwani yetu, na kwa muda mrefu wataalamu waligawanyika juu yake, hawa wakiisadiki mno hata wakawanyang'anya Waafrika miji waliyoijenga kwa mikono yao, wale wakiiona kuwa ni fahari tupu ya masultani waliotaka kujinasibisha na ugenini. Jioni hii nakusudia kueleza ni kwa njia gani mifupa ya wakazi wenyewe wa miji hiyo imeulizwa habari hizo.

Mfupa utafutwao kuliko yote ni ule ulizungukao sikio la ndani, kwa kuwa ugumu wake huvihifadhi vinasaba hata katika ardhi ya joto kama yetu, ambayo aghalabu huviangamiza. Mtaalamu, akiwa amejifunika gubigubi kwa barakoa na glavu ili pumzi na jasho lake visichanganyike na vya marehemu, huutoboa kwa keekee ndogo akapata unga usiojaa kijiko cha chai, kisha akautia katika maji ya dawa yayeyushayo chokaa ya mfupa. Apatavyo ni vipande tu vya vinasaba, vingi havifiki herufi 100 za kikemia, ilhali urithi tuupatao kwa kila mzazi ni herufi zipatazo bilioni 3. Na aghalabu vilivyo vingi ni vya vijidudu vya udongoni.

Hapa pana jambo linistaajabishalo kila nilitafakaripo. Kadiri karne zipitavyo, sitosini, mojawapo ya herufi hizo, zilizo kwenye ncha za vipande hivyo hugeuka urasili, nayo mashine huisoma urasili kuwa herufi nyingine, thaimini. Uharibifu huo, ambao mtu angeuhesabu kuwa hasara, ndio hati ya ukongwe wao, maana vinasaba visivyo na kasoro hiyo hushukiwa kuwa ni vya mchimbaji aliyeushika mfupa juzijuzi.

Kwa njia hiyo mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba, mtaalamu wa vinasaba David Reich na wenzao walisoma vinasaba vya watu 80, wengi wao wa mji wa kale wa Mtwapa, na wengine wa Manda, Songo Mnara, Kilwa na kwingineko, wakatoa matokeo mwaka 2023. Mitokondria, ambayo mtu huirithi kwa mama peke yake, huko Mtwapa na Manda zilikuwa karibu zote za Kiafrika. Kromosomu Y, ambayo mwanamume huipata kwa babaye, zilikuwa kwa wingi za Asia ya kusini-magharibi. Kuchanganyika huko kulianza kufikia mwaka 1000 hivi, na asili ya Kiasia ya zama za kwanza ilikuwa hasa ya Uajemi, ndipo baada ya mwaka 1500 hivi ya Arabuni ikazidi.

Basi Tarikhi haikusema uwongo kuhusu mababa. Iliwanyamazia mama, ambao kwa wengi wa marehemu hao ndio walioacha zaidi ya nusu ya urithi wote, na ambao, kwa rai yangu, ndio waliowalea watoto wale katika Kiswahili. Wala tusisahau kwamba waliosomwa ni hasa watu wenye jaha, waliozikwa karibu na misikiti na katika makaburi ya mawe. Mvuvi na mkulima wa zama zilezile bado hawajaulizwa kwa kadiri ipasavyo, nao ndio ningependa wanafunzi wa chuo hiki waanze nao, baada ya kuomba idhini ya wazee wa mahali.