Kipande Kisichojulikana: Reli ya Mezani na Treni Inayoelekea Uvira



Agosti 2025, kule Musongati nchini Burundi, ilizinduliwa kazi ya kujenga reli ya kisasa inayotoka Uvinza, Tanzania, umbali wa kilomita 282. Mpango hauishii Musongati. Unaendelea Gitega na Bujumbura, uvuke mpaka uingie hapa kwetu Uvira, nchini Kongo, kisha ushike njia ya Kindu. Wazee wetu hawatashangaa kusikia treni ikitajwa hapa. Wakati wa Wabelgiji kampuni ya CEFAKI ilikuwa na reli kutoka Kalundu, kando ya Uvira, ikipita bonde la Ruzizi hadi Kamanyola, karibu kilomita 90. Iliachwa kabla ya uhuru. Nami nauliza: treni itakaporudi, ni kijana gani wa Uvira atakayeketi mbele ya kompyuta inayoamua nani apite na nani angoje?

Napendekeza tuanze kumwandaa sasa, kwa reli ndogo juu ya meza za darasa, inayoongozwa na programu ya kompyuta. Asiyeijua kazi hii atadhani ni mchezo wa watoto. Lakini katika chuo cha MIT, Marekani, klabu ya reli ndogo iliyoanzishwa 1946 ililea vijana walioanza kwa kuunganisha swichi za simu chini ya meza ya treni, wakaja kuwa miongoni mwa waandishi wa programu wa mwanzo.

Kwa kipimo cha 1 kwa 87, reli ya kisasa yenye upana wa milimita 1,435 inakuwa milimita 16.5. Kilomita 282 kwa kipimo hicho zingedai zaidi ya mita 3,200 za njia, kwa hiyo mwendo tutaufupisha. Taratibu hatuzifupishi. Njia moja, stesheni chache, mahali pa kupishana, na treni mbili zinazotaka kupita kwa wakati mmoja: hayo yakitimia mezani, tatizo lote la uendeshaji limeshatimia.

Namna inavyofanya kazi ni hii. Reli zilezile zinazopeleka umeme kwenye injini hupeleka pia amri. Kila injini hubeba kifaa kidogo chenye namba yake, nayo hutii amri iliyotumwa kwa namba hiyo tu. Njia hukatwa vipande, kila kipande kikitengwa na kingine, na kihisio huangalia kama kuna kitu kinachovuta umeme humo. Kompyuta hupokea habari za vipande vyote. Kisha inashika kanuni mbili: kipande kimoja hakiingiwi na treni mbili, na njia haigeuzwi chini ya magurudumu ya treni inayopita. Programu ya JMRI, iliyoanzishwa na Bob Jacobsen, mwanafizikia wa Berkeley, hutolewa bure, nayo haidai kompyuta ya gharama. Kifaa cha kutuma amri kwenye reli kinaweza kuundwa kwa Arduino, bodi ndogo ya kompyuta.

Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu ndipo penye somo. Wanafunzi wengi hudhani kipande kina hali mbili: kina treni au hakina. Waandishi wa JMRI waliweka nyingine: hali haijulikani. Programu inapowashwa haijaona chochote bado, na inasema hivyo. Kuna pia habari zinazopingana, nazo zimewekewa hali yake. Mwandishi mvivu huchukua kila kisichojulikana akakihesabu kuwa kitupu, na treni zake hupita vizuri siku nyingi. Nashikilia kwamba kisichojulikana kihesabiwe kuwa kina treni, mpaka kithibitishwe. Huo uamuzi mmoja nauthamini kuliko ustadi mwingine wote wa kuandika programu.

Tazameni behewa. Injini huvuta umeme, hivyo kihisio huiona. Behewa lisilo na taa wala mota halivuti chochote. Likikatika likabaki nyuma katikati ya njia, kompyuta itaona kipande kitupu na kufungulia treni inayofuata. Wapenzi wa reli ndogo hupachika kikinza kidogo (resista) kwenye ekseli, kinachopitisha umeme kidogo, ili behewa nalo lionekane. Reli kubwa nazo huhesabu ekseli zinazoingia na zinazotoka, na hesabu zisipolingana kipande hubaki kimefungwa.

Hatari ya treni mbili kwenye njia moja si ya mezani tu. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu karibu na Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mlima ikagonga treni ya mizigo iliyokuwa njia ileile. Watu 281 walipoteza maisha. Kompyuta haitengenezi breki, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani hivyo. Lakini nataka mwanafunzi wetu, anapoandika kanuni yake ya kwanza, akumbuke kwamba treni inaweza kurudi ilikotoka, na kwamba kipande kilicho nyuma yake kinahitaji ulinzi sawa na kilicho mbele. Programu nyingi za wanaoanza hufikiria mbele tu.

Reli ya kisasa ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, humletea dereva ruhusa ya kusonga kwa redio, kwenye skrini iliyo mbele yake. Nyuma ya skrini hiyo kuna maswali yaleyale ya mezani: nani yuko wapi, nani kathibitisha, na habari zikikosekana tufanye nini.

Uvira ina faida moja katika somo hili, nayo ni kukatika kwa umeme. Zoezi la kwanza nitakalolitoa litakuwa hili: treni mbili zikiwa mwendoni, tutazima kila kitu. Mwanafunzi mmoja atasogeza behewa kwa mkono bila kumwambia mwenzake. Umeme utakaporudi, programu itakayoendelea pale ilipoachia, ikiamini kumbukumbu yake, itakuwa imefeli. Itakayofaulu itafunga vipande vyote na kumtaka mtu aende kutazama njia kwa macho, kisha ifungue kimoja kimoja kadiri kinavyothibitishwa.