Bastola Iliyobaki Maegeshoni: Sera za Silaha Kazini Nchini Marekani

Tarehe 1 Oktoba 2002, kiwanda cha karatasi cha Weyerhaeuser mjini Valliant, jimbo la Oklahoma, kilipitisha mbwa wa kunusa kwenye maegesho ya wafanyakazi. Uongozi ulikuwa ukisaka dawa za kulevya. Mbwa wakaibua bunduki. Oklahoma ni jimbo la wawindaji, na mtu kuacha bunduki garini asubuhi ili jioni apitilize porini halikuwa jambo la kushangaza. Hata hivyo, wafanyakazi kadhaa, wa kampuni na wa makandarasi wake, walifukuzwa kazi. Mapema mwaka huohuo marufuku ya silaha ilikuwa imepanuliwa: haikuishia tena mlangoni mwa kiwanda, ilifika mpaka kwenye maegesho. Walikwenda mahakamani, wakashindwa.

Bunge la jimbo halikunyamaza. Mwaka 2004 lilipitisha sheria ya kumzuia mwajiri kupiga marufuku silaha iliyofungiwa ndani ya gari la mfanyakazi. Kampuni kubwa, ConocoPhillips ikiwamo, zikaipinga. Mwaka 2007 jaji wa shirikisho aliisimamisha kwa hoja kwamba inagongana na wajibu wa mwajiri wa kulinda usalama kazini; mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa ikairudisha. Florida ilipitisha sheria yake mwaka 2008, Texas mwaka 2011, na leo majimbo zaidi ya 20 yana sheria za aina hiyo.

Ndiyo maana kijitabu cha kanuni za kampuni kinapaswa kusomwa pamoja na sheria ya jimbo. Texas, kwa mfano, mwajiri bado ana haki ya kukataza bastola ndani ya jengo, ila kwa kawaida hawezi kumgusa anayeimiliki kihalali na kuifungia garini. Mali ya Shirika la Posta la Marekani ina utaratibu wake: silaha hairuhusiwi, hata maegeshoni. Posta ina kumbukumbu chungu. Tarehe 20 Agosti 1986 huko Edmond, Oklahoma hiyohiyo, mfanyakazi wa posta aliwaua wenzake 14. Marufuku hiyo ya maegesho ilipopingwa, Mahakama ya Rufaa ileile iliyoirudisha sheria ya Oklahoma iliiunga mkono mwaka 2015.

Je, marufuku inaokoa maisha? Utafiti wa Dana Loomis na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu sehemu za kazi za North Carolina, ulikuta kwamba pale waajiri waliporuhusu bunduki, uwezekano wa mtu kuuawa kazini ulikuwa takriban mara 5 ya ule wa sehemu zilizokataza silaha zote. Huenda baadhi ya sehemu hizo ziliruhusu bunduki kwa sababu zilikuwa za hatari tangu mwanzo. Hata hivyo, pengo hilo ni kubwa mno kupuuzwa, na makala hii inasimama upande wa marufuku ndani ya jengo.

Lakini tangazo la ukutani halimnyang'anyi mtu silaha. Jiji la Virginia Beach lilikuwa na kanuni ya kuwakataza waajiriwa wake kuja kazini na silaha. Tarehe 31 Mei 2019 mmoja wao aliua watu 12 katika jengo la ofisi za jiji.

Na mwajiri anayemkataza muuzaji wa usiku kujilinda kwa bastola amejitwika deni. Mwaka 2011 mfamasia wa duka moja la dawa huko Michigan aliwafyatulia risasi majambazi waliovamia usiku wakiwa na silaha. Alifukuzwa kazi kwa kuvunja kanuni, na mwaka 2014 mahakama ya rufaa ilikataa madai yake. Kisheria mwajiri alikuwa na haki. Swali linalopaswa kuulizwa ni duka limefanya nini ili jambazi asiingie kabisa.

Katika hilo Florida, jimbo lililofungulia bastola maegeshoni, ina la kufundisha. Sheria yake ya maduka madogo yanayofunguliwa usiku inadai kamera, taa za kutosha maegeshoni, kasha la kutumbukizia fedha na kikomo cha fedha taslimu dukani, pamoja na dirisha lisilozibwa ili anayepita nje aone kaunta. Mji wa Gainesville ulitangulia miaka ya 1980 kwa kudai wauzaji wawili usiku. Haya yanamgharimu mwajiri fedha, ilhali kuandika marufuku hakumgharimu chochote. Sera inayokataza bastola bila kutoa taa wala mwenzi wa zamu imemwacha mfanyakazi peke yake.

Wasemaji wa Kiswahili waliohamia Marekani, ambao wengi wao hufanya kazi za zamu, wana jambo jingine la kuangalia. Sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki silaha mtu asiye na hati halali za ukaazi na, isipokuwa katika hali chache, aliyeingia kwa viza ya muda kama ya masomo au matembezi. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa. Kwa aliyekatazwa, sheria ya maegesho ya Texas au Florida si kinga: bastola aliyoazimwa na mwenzake wa kazini ni kosa la jinai, hata ikikaa kwenye buti lililofungwa, na kosa hilo linaweza kumtoa nchini.