Paa la Bure Florida

Fundi anabisha hodi, anapanda paani, anashuka na habari njema: dhoruba imeharibu paa, bima italipa. Mwenye nyumba asaini tu, haki ya kudai ihamie kwa fundi.

Mchezo huo ulichangia maajabu ya Florida: mwaka 2019 ilikuwa na takriban asilimia 8 ya madai ya bima za nyumba Marekani, lakini asilimia 76 ya kesi za mahakamani kuhusu bima hizo.

Mawakili wa bima wakabaki kuuliza kama kigae kimepasuliwa na upepo au na uzee. Kampuni za bima nazo si malaika. Ila Desemba 2022, muda mfupi baada ya kimbunga Ian, bunge la jimbo lilipiga marufuku uhamishaji huo wa haki ya kudai kwa bima mpya, na muda wa kuripoti hasara ukapunguzwa kutoka miaka 2 hadi 1.