Kujitolea Hakupunguzi Dhamana: Wajibu wa Viongozi wa Kozi ya Kukwea Majabali

(Matini ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya viongozi wa kujitolea na wazazi wa vijana)



Wazee wetu, walimu wenzangu, nanyi vijana mliokubali kuongoza kozi ya siku mbili ya kukwea majabali huko Hell's Gate, Naivasha. Ama baad.

Ipo kauli ambayo husikika kila mara kazi ya kujitolea inapokaguliwa: "Sisi hatulipwi, tunasaidia tu." Mwenye kuisema huenda ana nia njema kabisa. Hata hivyo, kauli hiyo ni mlango wa hatari, na ndiyo niliyokuja kuizungumzia.

Kujitolea kwa Kiarabu huitwa tatawwu. Mzizi wa neno hilo ndio uleule uliotupatia sisi Waswahili neno kutii. Basi anayejitolea hakujiweka huru. Amejifunga kwa hiari yake katika utiifu wa kazi aliyoichagua. Alichokiacha ni ujira. Wajibu hakuuacha, wala hana uwezo wa kuuacha, kwa sababu si mali yake. Ni haki ya yule mtoto anayening'inia kwenye kamba.

Funzo kutoka Uingereza

Tarehe 22 Machi 1993, wanafunzi wanne wa sekondari walifariki katika ghuba ya Lyme, kusini mwa Uingereza, walipokuwa katika safari ya vidau iliyoandaliwa na kituo cha michezo ya nje. Ilidhihirika baadaye kwamba miezi kadhaa kabla ya msiba ule, wakufunzi wawili wa kituo hicho walikwisha kuandika barua kuonya juu ya hali mbaya ya usalama. Barua ilifika, ila haikufanyiwa kazi. Mwaka 1994 mkurugenzi wa kituo alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akafungwa. Mwaka 1995 Bunge lao likapitisha sheria ya kuvitaka vituo vinavyowapeleka vijana katika michezo hiyo, kukwea majabali ikiwemo, viwe na leseni.

Sasa zingatieni jambo hili. Vyama vya kujitolea vinavyowahudumia wanachama wake vilisamehewa leseni hiyo. Je, vilisamehewa na wajibu wa kuwalinda vijana? La. Wajibu huo ulibaki palepale, na mahakama iliweza kumwita aliyezembea hata kama hakupokea senti moja. Msamaha wa karatasi si msamaha wa dhamana.

Wajibu wa kwanza: Ujuzi

Kukwea vizuri ni jambo moja, na kuwaongoza wengine ni jambo jingine. Kiongozi hana budi ajue kuweka vishikizo vya kamba juu ya jabali, ili kimoja kikitoka kingine kiweze kubeba mzigo wote peke yake. Ajue kumteremsha mtu aliyekwama katikati. Ajue huduma ya kwanza. Mafundi wetu wa fiqhi wamekwisha kulieleza hili katika mlango wa utabibu: mwenye kutibu bila kuujua utabibu hudhamini madhara aliyoyasababisha. Asiyejua na aseme sijui, apewe kazi ya kupika au kubeba maji. Hiyo nayo ni huduma.

Wajibu wa pili: Kuijua mahali na kuwajua watu

Hell's Gate ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1984. Wageni wengi huufahamu mnara wa Fischer, jabali la volkano lenye urefu wa takriban mita 25, na hudhani kuwa hatari yote imo katika kuanguka. Sivyo. Mwezi Aprili 2012, vijana saba wa kundi la kanisa walichukuliwa na maji ya ghafla katika korongo la mbuga hiyo, wakafariki. Mwezi Septemba 2019 watu saba tena walipoteza maisha humo kwa sababu ileile. Mvua inaweza kunyesha mbali, juu ya vilima, na maji yakawafikia watu walio korongoni ilhali juu yao hakujanyesha la kutisha. Kwa hiyo kiongozi asitazame mawingu yaliyo juu ya kichwa chake tu. Awaulize walinzi wa mbuga na wenyeji, na wakimwambia asishuke korongoni, asishuke. Vilevile aupeleleze ukuta wa jabali kabla ya kuwafikisha vijana, kwani nyuki hujenga katika nyufa, na aliyefungwa kamba hawezi kuwakimbia.

Ama watu, kila mzazi apewe maelezo ya kweli ya hatari zilizopo, kisha ndipo aombwe idhini. Idhini ya mzazi aliyefichwa mambo si idhini. Aulizwe kama mwanawe ana pumu, kifafa, au mwili unaodhurika kwa kuumwa na nyuki. Orodha ya majina na ratiba ya safari iachwe mjini kwa mtu anayejua ampigie nani simu iwapo saa ya kurudi itapita.

Wajibu wa tatu: Vifaa

Hapa sisi watu wa kujitolea hujaribiwa zaidi, kwa kuwa mfuko wetu ni mwepisi na hupenda kupokea chochote. Kamba ya kukwelea hutengenezwa kwa nailoni. Tindikali ya betri ya gari huweza kuiharibu pasi na kuacha alama inayoonekana kwa jicho. Watengenezaji wengi husema kamba isizidi miaka 10 hata kama haijatumika kabisa. Basi kamba ya msaada ambayo haijulikani umri wake wala ilikohifadhiwa, ishukuriwe kwa adabu, kisha ikatwe ifungie mizigo. Kila kamba, kila mkanda na kila kofia ngumu viwe na daftari: kilinunuliwa lini, kimetumika mara ngapi, nani alikikagua mara ya mwisho.

Wajibu wa nne: Kukagua kila mara

Mwezi Mei 1989, Lynn Hill wa Marekani, mmoja wa wakweaji hodari kupita wote wa zama zake, alikuwa Buoux, Ufaransa. Alianza kufunga fundo la kamba yake kiunoni, akashughulika na jambo jingine, asilimalize. Akapanda hadi juu. Alipoegemea kamba ili ateremshwe, fundo likafunguka, naye akaanguka zaidi ya mita 20. Matawi ya mti yalipunguza kishindo na akanusurika. Ikiwa bingwa alisahau fundo alilolifunga maelfu ya mara, kijana wa siku ya kwanza afanyeje? Na kiongozi aliyeamka alfajiri, akaendesha gari, akapika uji, afanyeje?

Dawa yake ni ukaguzi wa watu wawili. Kabla mguu haujaacha ardhi, mkweaji na mshika kamba wakaguane kwa macho na kwa mkono: fundo, mkanda, pete za karabina zimefungwa, kofia imekazwa, na ncha ya mwisho ya kamba ina fundo ili isiponyoke. Kiongozi naye akaguliwe. Wala asiyekaguliwa kwa sababu ya cheo chake asipande.

Wajibu wa tano: Kuuheshimu woga

Kijana akisema naogopa, asichekwe, asiitwe mwoga mbele ya wenzake. Huenda mkanda unambana, huenda ameona jiwe linalotikisika. Woga wake ni habari, na kiongozi mwema hupokea habari. Wasichana wawe na viongozi wanawake wenye ujuzi, si wa kuhesabiwa idadi tu. Wala mtu mzima asijitenge peke yake na mtoto mmoja.

Wajibu wa sita: Kusimamisha kazi

Rejeeni katika ile barua ya Uingereza. Waliokuwa chini waliona, wakasema, wasisikilizwe. Kwa hiyo mkubaliane kabla ya safari kwamba mtu yeyote, hata mdogo kuliko wote, akisema "simama," kazi isimame kwanza, mjadala ufuate. Kozi ikivunjwa bure, tumepoteza nauli na chakula. Isipovunjwa ilipostahili kuvunjwa, hatutakuwa na cha kumwambia mama wa mtoto. Jioni mhesabuni vijana wote, na yaliyokaribia kuwa ajali yaandikwe, asiyaone haya aliyeyafanya.

Nanyi wazazi, msione aibu kuuliza. Nani ataweka kamba? Kamba ina miaka mingapi? Nani amesomea huduma ya kwanza? Kiongozi anayekasirishwa na maswali haya bado hajawa tayari kubeba amana. Na amana, ndugu zangu, ina mzizi mmoja na amani na imani. Mzazi aliyemkabidhi mtu mwanawe siku ya Jumamosi ana haki ya kulala kwa amani hadi arejeshewe Jumapili jioni.

Mwenyezi Mungu awalinde vijana wetu na awape nguvu wanaowaongoza. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.