Kakapel: Tutazame kwa Macho, Si kwa Mikono

Asanteni kwa kuacha mashamba na biashara zenu mkaja barazani.

Leo sizungumzii barabara wala mbolea. Nazungumzia mwamba wetu wa Kakapel, hapa Teso Kaskazini, kwenye vilima vya Chelelemuk. Wengine wetu tumejikinga mvua chini yake bila kuuliza nani aliuchora.

Zile alama nyekundu na nyeupe ndizo za zamani zaidi. Watafiti wanazihusisha na wawindaji wa kale, jamaa ya Watwa. Baadaye wafugaji walichora papo hapo ng'ombe wa pembe ndefu. Mwaka 2004 serikali ilitangaza Kakapel kuwa turathi ya kitaifa inayolindwa na sheria.

Tena si ukuta peke yake. Watafiti, wakiwemo wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, walichimba chini ya mwamba wakapata mbegu zilizoungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024: kunde za takriban miaka 2,300 iliyopita, na wimbi la angalau miaka 1,000. Kunde tunazochuma na wimbi tunalosaga kwa uji vina historia ndefu mahali hapa.

Kwa hivyo nina maombi manne. Kwanza, ukienda kutazama, usiguse. Jasho na mafuta ya mkono huharibu rangi. Pili, usimwagie picha maji ili zing'ae kwenye simu, kwa sababu maji hayo huondoka na rangi. Tatu, usiandike jina lako kwa makaa wala kwa kisu. Nne, usiwashe moto wala usichimbe. Moshi hufunika picha, na jembe huvuruga udongo ambao bado una mengi ya kutueleza.

Najua kuna anayejiuliza, "Picha hizi zitanilisha nini?" Ni swali la haki. Mgeni akija hupanda bodaboda, hununua chakula, hutafuta kijana wa kumwongoza. Lakini hatatoka mbali kuja kusoma majina yetu ukutani. Jiwe likipondwa kuwa kokoto huuzwa mara moja tu. Likiachwa na picha zake, hata wajukuu wetu watakaribisha wageni hapa.

Walimu, leteni wanafunzi. Wazee, wasimulieni mnayoyajua kuhusu mahali hapa, maana simulizi nazo hupotea. Na tukimwona mtu anakwaruza mwamba, tusinyamaze tukidhani ni kazi ya askari. Tumkanye kwa heshima. Asiposikia, tumwarifu chifu au ofisi ya utamaduni ya kaunti.

Waliochora hawapo tena kuja kurekebisha. Kilichofutika hakirudi. Walinzi wa kwanza wa Kakapel ni sisi majirani.