Mpira wa Shule Katika Tabora

 Ninyi mlio karibu nasi hapa Unyanyembe, mwangaluka, ijapokuwa saa hii ni ya jioni na salamu hiyo ni ya asubuhi, twajua mtatusamehe.

Sisi tunaozungumza nanyi ni walimu kwa kazi yetu, na makazi yetu ni Cheyo, katika mji wa Tabora. Zamani za misafara, watu wa hapa walijua ya kuwa msafara wa pwani umefika kwa kusikia bunduki zikilia, kabla hawajamwona mpagazi hata mmoja. Siku hizi, ikikaribia miezi ya Mei na Juni, sisi hujua kwamba michezo ya shule imeanza kwa kusikia madumu yakipigwa juu ya malori, na watoto wakiimba hata sauti zikawakauka. Hapo mwalimu afundishaye kipindi cha mwisho hana budi kukubali kwamba macho ya wanafunzi yako ubaoni, lakini masikio yao yako barabarani.

Yafaa kwanza tueleze utaratibu wenyewe, kwa ajili ya wazazi ambao huona watoto wao wakiondoka na viatu mkononi wasijue waendako. Michezo ya shule za sekondari huitwa UMISSETA, maana yake Umoja wa Michezo ya Shule za Sekondari Tanzania. Na ile ya shule za msingi ni UMITASHUMTA. Iko michezo mingi ndani yake, kama netiboli, mikono, wavu na riadha, bali leo twasema habari za mpira wa miguu tu. Kwa desturi shule hushindana na shule jirani, kila moja kwa jina lake na rangi zake. Washindi huendelea mpaka wilaya. Kisha huja jambo ambalo wageni hulistaajabia: jina la shule huwekwa kando, na walimu huchagua vijana bora kutoka shule zote wawe timu moja ya wilaya, na wilaya zikiisha kushindana, Nzega na Igunga, Urambo na Kaliua, Sikonge, Uyui na Manispaa ya Tabora, huchaguliwa tena timu moja ya mkoa, nayo ndiyo iendayo kwenye mashindano ya taifa. Basi yule aliyekukanyaga mguu wiki mbili zilizopita, leo mnalala chumba kimoja, na kesho wamtegemea akupe mpira mbele ya goli. Tumepata kuwaona vijana wawili waliokataa kusemezana siku tatu katika kambi ya namna hiyo, na siku ya nne wakagawana kiazi.

Katika miaka ya karibuni mashindano ya taifa yenyewe yaliletwa hapa hapa Tabora, katika uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, hata watoto wetu wakapata kuwaona wenzao wa Mtwara na wa Kagera bila kupanda gari moshi.

Hata hivyo, michezo hii haikuwapo siku zote. Mwanzoni mwa karne hii ilisimamishwa kwa miaka kadhaa, kwa hoja kwamba inawapotezea wanafunzi wakati wa masomo. Hoja hiyo si ya kuchekwa. Mtoto aliyekaa kambini majuma matatu hurudi akawakuta wenzake wamekwisha kuvuka sura nzima ya hesabu, na hakuna refa awezaye kumwongezea dakika. Sisi wenyewe tumesahihisha karatasi za vijana wa namna hiyo, nasi twajua uchungu wake. Lakini tuliofundisha katika miaka ile ya kusimamishwa twakumbuka pia ya kuwa viti vilivyokuwa vitupu havikujaa kwa sababu mpira umeondolewa. Wako watoto ambao kamba iliyowafunga na shule ilikuwa ni ule mpira tu; ilipokatwa, walikwenda zao.

Na hapo ndipo tufikapo kwenye habari tuliyokusudia kuisema jioni ya leo, nayo ni habari ya mamluki, yaani mchezaji asiyekuwa wa shule, avikwaye nguo za shule ili shule ishinde.

Kabla hatujahamia chuo cha walimu tulifundisha katika shule moja ya sekondari. Jina lake tuliache. Mwaka mmoja timu yetu, ambayo kwa kawaida ilifungwa mapema na kurudi nyumbani kabla ya uji wa saa nne kupoa, ilianza kushinda. Alikuwapo mshambuliaji mrefu, mwenye miguu myepesi, aliyeingia kidato cha tatu katikati ya muhula. Katika michezo minne alifunga mabao sita. Wazee wa jirani walianza kuja uwanjani na viti vyao. Mama mmoja mwuza karanga alituambia kwamba tangu azaliwe hajapata kuuza namna ile.

Siku moja tulikuwa tukiita majina darasani. Tulipofika jina la kijana huyo, hakuitika. Tukaliita mara ya pili; mwenzake akamgusa kwa kiwiko, ndipo akasema, "Nipo, Mwalimu." Jambo dogo, lakini mtu hasahau jina lake mwenyewe. Tulitazama daftari la mahudhurio la mwaka uliotangulia. Jina lile lilikuwa la mtoto mwingine, mfupi, mwenye kovu kwenye paji la uso, ambaye alikwisha kuondoka kwenda kwa mjomba wake Urambo katika mashamba ya tumbaku.

Jioni tukamwita. Alisimama mlangoni asitake kukaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mwanangu, jina lako nani?"

Alinyamaza kitambo, kisha akalitaja jina lake la kweli. Akatueleza kwamba yeye alikuwa akipakia mizigo sokoni na kuchezea timu ya mtaa, na kwamba aliishia darasa la saba. Alitafutwa, akaahidiwa viatu na chakula cha mchana. Tukamwuliza, "Mbona basi huja darasani kila siku, hata siku zisizo za mchezo? Aliyekuleta hakukutaka darasani." Akajibu, "Mwalimu, nilipokaa siku ya kwanza niliona nafahamu." Akatoa madaftari yake. Alikuwa amenakili kila somo, kwa mwandiko wa kukaza kalamu, tangu siku aliyoingia.

Twakiri mbele yenu kwamba usiku ule hatukulala vema. Fainali ya wilaya ilikuwa Jumamosi. Mwenzetu mmoja, mtu mwema aliyependa shule kuliko nafsi yake, alituambia kwamba shule zote hufanya hivyo, na kwamba sisi tukisema tutakuwa tumewaadhibu watoto kumi waliocheza kwa haki kwa sababu ya mmoja. Neno hilo la mwisho lilituuma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Lakini ilikuwa kweli vilevile kwamba upande wa pili walikuwa watoto kumi na mmoja, na katika timu ya wilaya itakayochaguliwa, nafasi moja ya mwanafunzi fulani ingechukuliwa na mtu asiyekuwa mwanafunzi. Mtoto huyo hatukumjua sura wala jina, naye asingepata kujua kamwe alichonyang'anywa.

Tulimwambia mkuu wa shule, naye akaiambia kamati. Ushindi wetu wote ukafutwa. Jumamosi wengine walicheza fainali, na wanafunzi wetu walikwenda kuitazama wakiwa wamevaa sare za shule, jambo ambalo lilituumiza kuliko kama wangetuzomea. Kwa muda wa mwezi mzima tulipopita karibu nao mazungumzo yalikatika. Mama wa karanga hakutuuliza neno. Alitupimia tu kidogo kuliko zamani, au pengine ni macho yetu.

Na wasidhani wanafunzi kwamba habari za majina na karatasi ni mambo ya walimu tu, yasiyohusu mpira wa wakubwa. Mji wetu umeonja jambo hilo. Miaka mingi Tabora ilitamani timu ya kukaa katika Ligi Kuu. Rhino Rangers walipanda wakacheza msimu wa 2013/14, wakashuka msimu ule ule. Kisha katika mwaka wa 2023 chama kilichoitwa Kitayosce, chenye asili ya Kilimanjaro, kilipanda kikiwa hapa, kikageuzwa jina kikawa Tabora United, na mji mzima ukashangilia. Mchezo wa kwanza ulikuwa tarehe 16 Agosti 2023, kule Chamazi, Dar es Salaam, dhidi ya Azam. Chama kilikuwa chini ya adhabu ya kutosajili, hivyo wachezaji wapya hawakuwa na idhini ya kucheza, na walioingia uwanjani walikuwa 8 tu. Walifungwa mabao 4 kabla kipindi cha kwanza hakijafika mwisho. Wengine wakaumia, na kwa kuwa sheria haikubali timu kuendelea ikiwa na watu chini ya 7, refa akaumaliza mchezo. Watu wa Cheyo waliokuwa wamekusanyika mbele ya televisheni waliondoka mmoja mmoja, kama watokao matangani.

Msimu ule waliponea chupuchupu, kwa michezo ya mchujo, wakawashinda Biashara United wa Mara, wakabaki. Tena, tarehe 7 Novemba 2024, wakarudi katika uwanja ule ule wa Chamazi, safari hii wakiwa 11 kamili, wakawafunga Yanga mabao 3 kwa 1, Yanga hao waliokuwa wamechukua ubingwa misimu mitatu mfululizo. Usiku ule hapa Tabora hakuna aliyelala kwa kelele, nasi walimu tulipiga kelele pamoja nao, wala hatuoni haya kusema hivyo. Katika mwaka wa 2025 jina liligeuzwa tena likawa TRA United. Wazee wa Unyanyembe, ambao wameona majina mengi yakija na kupita kwa barabara ya zamani na baadaye kwa reli, hawakushangaa. Vijana ndio waliosikitika.

Lakini tumwache mkubwa, turudi kwa yule kijana wetu. Baada ya kamati kukata shauri, alirudisha nguo za mchezo, na viatu pia, ijapokuwa viatu alikuwa amepewa. Hakuna aliyemwambia asije darasani tena, hakuhitaji kuambiwa. Kiti chake kilikaa kitupu mpaka mwisho wa muhula, na kila tulipoita majina tulilipita jina lile la mtoto wa Urambo upesi upesi. Katika mambo yote ya mwaka ule, hilo ndilo tulilolitafakari zaidi. Kulisafisha daftari tuliweza. Lakini katika kulisafisha tulimtoa nje mtu mmoja aliyekuwa akijifunza kwa bidii kuliko wengi wenye majina ya halali.

Majuma kadhaa baadaye tulimkuta sokoni akipakia magunia ya mpunga. Tulimweleza kwamba uko mlango mwingine: mtu aliyekosa sekondari aweza kujisomea nje ya shule na kufanya mtihani wa maarifa, uitwao QT, kisha akaendelea mpaka mtihani wa kidato cha nne, kwa jina lake mwenyewe. Alisikiliza akiwa na gunia begani, asiseme ndiyo wala la. Jumapili yake, jioni, alibisha hodi nyumbani. Hakuja kwa habari za mpira. Alitaka kuazima notisi za historia za majuma aliyoyakosa, maana, alisema, aliachia mahali ambapo wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa bado njiani kwenda Bagamoyo, na hakujua kama walifika.

Tulimpa daftari letu wenyewe la kufundishia. Hakulirudisha, wala sisi hatukulidai.