Nyumba ya Ughaibuni: Mkaguzi Alipwe au Asilipwe?

(Mada iliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)



Tumeombwa tuzungumzie jambo ambalo zamani halikuwa na nafasi katika mikutano yetu, lakini sasa linabisha hodi katika familia nyingi zenye watoto ng'ambo. Kijana anafanya kazi Uingereza, labda ni muuguzi, labda ni dereva wa basi. Amechoka kulipa kodi ya pango na amepata nyumba ya kununua. Benki imekubali kumkopesha, ila ni lazima yeye atangulize sehemu ya bei. Hapo ndipo simu inapopigwa nyumbani. Kipande cha shamba kinauzwa, ng'ombe wanatolewa zizini, mama mdogo anavunja kibubu. Hati itaandikwa jina moja, lakini jasho lililomo katika nyumba ile iliyoko Leicester au Reading ni la ukoo mzima.

Kisha inakuja simu ya pili. Kuna mtu anataka mamia ya pauni ili aikague nyumba kabla ya kununuliwa. Tumlipe?

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Kiingereza kinamwita mpima ardhi na mkaguzi wa majengo kwa neno moja, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Mzee akilisikia neno hilo anafikiria mawe ya mipaka, naye hujibu, "Kiwanja si kimeshapimwa? Hati si ipo?" Kule mambo ya hati na mipaka hushughulikiwa na wakili. Mkaguzi tunayemzungumzia huangalia jengo lenyewe: paa, kuta, sakafu, madirisha, mifereji ya maji, dalili za unyevu na za msingi kutitia. Chama chao cha kitaaluma, kinachojulikana kwa herufi RICS, kilianzishwa London mwaka 1868, na ni vyema kumtafuta mkaguzi aliyesajiliwa humo.

Mkanganyiko wa pili ndio unaoumiza zaidi. Kijana huwaambia wazazi, "Benki imeshatuma mtu wake, kasema nyumba ni nzuri." La hasha. Mtu wa benki ni mthamini. Anachotafuta ni kama nyumba ikiuzwa kesho, benki itarudisha fedha zake. Siku hizi baadhi ya mabenki hukadiria thamani kwa kompyuta, bila mtu yeyote kufika kwenye nyumba hiyo.

Iko kesi moja inayofundishwa sana katika vyuo vya sheria vya Uingereza. Mama mmoja alinunua nyumba ya bei ndogo katika mji wa Norwich kwa mkopo. Mthamini aliyetumwa na mkopeshaji aliandika kwamba hakuna matengenezo ya lazima. Kumbe ndani ya nyumba, sehemu ya chini ya dohani, yaani lile bomba la matofali la kutolea moshi, ilikuwa imebomolewa, na sehemu ya juu imeachwa darini bila kitu cha kuishikilia. Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi matofali yaliporomoka, yakatoboa dari na kuangukia chumbani. Kesi ilipanda hadi House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, na mwaka 1989 mama yule akashinda. Wapo wanaoichukua hukumu hiyo kuwa ni kinga ya kila mnunuzi. Sisi hatuioni hivyo. Ilisema mthamini awe mwangalifu kwa mnunuzi wa nyumba ya kawaida anayeitegemea taarifa yake; haikumfanya ainue mazulia au asogeze makabati. Na mtoto wetu mwenye zamu za usiku ataipata wapi nguvu ya kufika mahakama ya juu?

Ikumbukwe pia kwamba sheria ya kule humwachia mnunuzi kazi ya kuangalia. Muuzaji haruhusiwi kudanganya anapoulizwa, lakini kwa ujumla halazimiki kutaja kila ubovu wa jengo ambao haukuulizwa. Dalali naye hulipwa na muuzaji. Kwa sababu hiyo hatupendi kuona mkaguzi akichaguliwa na dalali, hata kama bei yake ni nafuu.

Je, kila nyumba inahitaji ukaguzi mkubwa? Hapana. Ukaguzi una ngazi tatu. Ile ya tatu, ya kina kuliko zote, inafaa nyumba kongwe au iliyobadilishwa sana. Uingereza ina nyumba nyingi zilizojengwa kabla ya mwaka 1919, zimepangana mstari mmoja, kuta zake za matofali hazina uwazi katikati, na unyevu hupenya kwa urahisi. Sehemu kubwa ya London imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi, ambao hunywea wakati wa ukame, na miti iliyo karibu huuzidishia kiu. Baada ya kiangazi kikali cha mwaka 1976 nyumba nyingi zilipata nyufa. Kwa nyumba za namna hiyo msimamo wetu ni mmoja: alipwe, hata gharama ikipita pauni elfu moja, na fedha hiyo iingizwe kwenye hesabu ya mchango tangu siku ya kwanza. Nyumba mpya yenye dhamana ya miaka 10 ni jambo jingine. Hapo mtu wa kuorodhesha kasoro ndogondogo anatosha. Kwa fleti, wakili aulizwe pia miaka iliyobaki katika mkataba wa umiliki.

Scotland ina utaratibu wake. Tangu Desemba 2008, nyumba nyingi zinazotangazwa kuuzwa kule ni lazima ziwe na taarifa ya ukaguzi iliyolipiwa na muuzaji. Isomwe hiyo kwanza kabla ya kulipa nyingine.

Katika taarifa za ngazi ya pili na mara nyingi ya tatu, kila sehemu ya nyumba hupewa alama. Alama 1 ni salama, 3 ni tatizo kubwa au la haraka. Msiogope mkiona 3 mbili au tatu. Nyumba kongwe haziwezi kuzikosa. Fundi aitwe atoe makadirio, kisha muuzaji aombwe apunguze bei. Akikataa, mnaweza kujitoa. Ada ya mkaguzi itakuwa imekwenda, na hapo ndipo familia nyingi husita na kusema, "Tumeshalipa, tuendelee tu." Lakini mamia ya pauni yaliyokwisha kulipwa hayashikilii paa.

Yote haya yana wakati wake. Huko England na Wales, bei ikishakubaliwa bado hakuna aliyefungwa. Kifungo huja siku mikataba inapobadilishana mikono, ambapo kwa kawaida asilimia 10 ya bei hutangulizwa. Akijitoa baada ya hapo, anaweza kuipoteza asilimia hiyo. Basi kijana akipiga simu kuomba mchango, aulizwe kwanza: mikataba imeshabadilishwa? Kama bado, taarifa ya mkaguzi itumwe nyumbani isomwe, hata kama itabidi mwalimu wa shule aitwe kuitafsiri kwa wazee. Wanaochanga wana haki ya kuisoma.